Siku Tatu za Kunyamaza

Kazi niliyopewa ilikuwa kukaa kimya na kuwanyamazisha wengine. Nilikuwa Uingereza nasomea ufundi wa sauti, na mpiga gitaa mmoja, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa amekodi kanisa la kijijini huko Wiltshire arekodi albamu yake. Nilizima mitambo ya joto kwa sababu mabomba yaligongagonga yakipoa, kisha nikatoka kufukuza kunguru mnarani. Trekta likipita, tunasubiri. Ndege ikipita, tunasubiri. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Kati ya kipande na kipande Mwalimu alikumbatia chupa ya maji ya moto kama mtoto mchanga.

Gitaa la nyuzi za nailoni lina sauti ndogo, na kuta za mawe ndizo zinazolikuza. Julian Bream, mpiga gitaa Mwingereza, naye alirekodi mara nyingi katika kanisa la Wardour, mkoa huohuo.

Alikuja na magitaa matatu, yote ya kutengenezwa kwa mkono. La kwanza, lenye ubao wa mbele wa sprusi, lilikuwa la muziki wa Sor: kila noti imesimama peke yake. La pili, la mwerezi, alilipigia La Catedral ya Barrios, na sauti ilifunguka mara moja, nzito na ya joto. Maikrofoni hatukuzisogeza hata inchi moja, lakini niliposikiliza vipande hivyo vikifuatana ungeapa kuwa wapigaji ni wawili.

La tatu alilitoa jioni ya siku ya pili, akaligeuza nione mgongo.

"Mti huu waujua?"

Mtoto wa Lindi aulizwe mpingo! Nyumbani tulikuwa na mchi wa mpingo uliokuwa mkubwa kwangu kwa umri. Mgongo ule ulikuwa wa vipande vinne, wakati kwa kawaida huwa viwili, kwa kuwa mpingo hukua polepole na kujipinda, na ubao mpana kuupata ni bahati. Mafundi wengine waliugeukia baada ya biashara ya kimataifa ya mti wa Brazili waliouzoea kupigwa marufuku mwaka 1992. Niligonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama kengele.

Mwalimu hakuniacha nivimbe kichwa. Alinieleza kwamba mwaka 1862 Antonio de Torres, yule fundi Mhispania, alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba sauti hutoka kwenye ubao wa mbele. Hoja nzuri. Mpaka leo sijaikubali yote.

Asubuhi ya mwisho ukucha wake ulivunjika. Aliubandika kipande cha mpira wa ping-pong kwa gundi, akausugua kwa msasa, akaketi na lile la mpingo kupiga Nocturnal, kazi ambayo Britten alimtungia Bream mwaka 1963. Humo wimbo wa Dowland huja mwishoni kabisa, baada ya tofauti zake zote, kisha unafifia hadi kimya. Mara ya saba ilitoka bila dosari. Noti ikazima, hakuna aliyepumua, na tumbo langu, ambalo halijaonja kitu tangu alfajiri, likanguruma.

Mwalimu alichagua hiyohiyo. Ukiongeza sauti, utanisikia.