Zana Niliyoieleza Nusunusu

Kosa ni langu, na nalisema bila kumsukumia mwingine. Nilitengeneza zana ya kusoma kanzidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo, nikaiunganisha na wakala wa akili mnemba ili awasaidie makarani wa dirishani kujibu maswali ya wanachama. Maelezo niliyoiandikia zana hiyo yalikuwa sentensi moja tu: "Hutafuta akiba za mwanachama."

Kwa sababu ya sentensi hiyo, mama mmoja muuza dagaa aliambiwa hana akiba hata shilingi. Alikuja kuulizia salio lake ili aombe mkopo wa kununulia mzigo. Karani aliandika namba ya uanachama kama mama alivyoitaja: 418. Ndani ya kanzidata namba hizo huhifadhiwa kama maandishi ya tarakimu tano, kwa hiyo yake ni 00418. Zana ikatafuta 418, haikuiona, ikarudisha orodha tupu. Wakala naye akaielewa orodha tupu kama maelezo yangu yalivyomwachia aielewe: mwanachama huyu hana akiba. Akaliandika jibu hilo kwa Kiswahili fasaha chenye adabu, karani akamsomea mama. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa kijitabu chake chenye mihuri, akakiweka mezani. Salio lake lilithibitishwa baadaye, lakini mzigo alioukusudia ulikuwa umeshanunuliwa na wengine.

Nilipopigiwa simu nilisema akili mnemba ina tabia ya kubuni mambo. Nililisema kwa uhakika, bila kukagua. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikakuta wakala hakubuni chochote. Aliuliza kwa namba aliyopewa, akapokea orodha tupu, akaripoti utupu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimlaumu msomaji kwa jambo ambalo mwandishi hakuliandika.

Utaratibu wenyewe nilikuwa naujua vizuri. Katika MCP, itifaki ya kuunganisha zana na mawakala wa akili mnemba iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, zana hujitambulisha kwa wakala kwa jina, maelezo na muundo wa vigezo inavyopokea. Hayo ndiyo anayoyasoma kabla ya kuamua aitumie zana ipi, na kwa namna gani. Msimbo ulio nyuma ya zana, wakala hauoni. Karani mgeni angegeukia meza ya pili akauliza, "Jamani, mbona namba zenu zinaanza na sifuri?" Wakala hana meza ya pili.

Nikaanza kuandika yote niliyokuwa nimeyaacha. Zana ilikuwa inakata matokeo kwenye mstari wa 100 bila kusema, kwa hiyo jumla yoyote ya miamala mingi ingetoka pungufu, tena ikiwa na sura ya jumla kamili. Saa zilihifadhiwa kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3. Muamala wa saa saba usiku wa tarehe 1 ungehesabiwa katika mwezi uliopita. Hali namba 3 ilimaanisha muamala uliobatilishwa, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Yote haya niliyajua kwa moyo, na ndiyo maana sikuyaandika.

Maelezo ya sasa yanasema hivi: "Hutafuta akiba za mwanachama mmoja. Namba ya uanachama ni maandishi ya tarakimu tano. Ongeza sifuri mbele zikipungua. Namba isiyokuwepo huleta ujumbe wa kosa. Ukipata kosa hilo, usimwambie mtu kwamba hana akiba. Asiye na akiba hurudi na salio 0. Hurudisha mistari 100 kwa mara moja. Usijumlishe kabla ya kuchukua kurasa zote. Saa ni za UTC. Usihesabu miamala yenye hali 3, imebatilishwa." Zana yenyewe nimeibadilisha pia, maana orodha tupu isiyosema kitu haikupaswa kuwepo tangu mwanzo. Na akaunti ambayo wakala anaitumia kuingia kwenye kanzidata hiyo ya PostgreSQL nimeipa ruhusa ya SELECT peke yake, yaani ya kusoma tu. Kuandika "usifute" kwenye maelezo ni ombi; ruhusa ndiyo kufuli.

Wewe mwenzangu unayeunganisha kanzidata ya hospitali, ya shule au ya ushirika na wakala wa aina hii, fungua maelezo yako leo. Mpe mtu asiyeijua kanzidata hiyo asome maneno hayo peke yake, kisha muulize: jibu likija tupu, maana yake nini? Akishindwa kukujibu, iondoe zana hiyo dirishani mpaka uwe umeyaandika upya maelezo yake.