Mcheza Kwao Hutuzwa Lini?

Mama mdogo wangu anaishi karibu na mji wa Kehancha, kule Kuria, Kaunti ya Migori. Ukimtafuta nyumbani asubuhi humpati. Amekwisha kukata mashamba ya mahindi na tumbaku, mkoba begani, akipiga hodi boma baada ya boma. Je, mtoto amechanjwa? Mjamzito amekwenda kliniki? Mzee wa presha anameza dawa?

Kwa miaka mingi kazi hiyo aliifanya bure. Ujira wake ulikuwa asante na, siku njema, kichane cha ndizi. Ndipo Septemba 25, 2023, Rais William Ruto akazindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Walipewa mikoba yenye vipima presha na sukari, pamoja na posho ya Sh5,000 kwa mwezi. Serikali ya kitaifa hutoa nusu, kaunti nusu.

Msomaji mpenzi, hebu tupige hesabu. Mhudumu mmoja hutarajiwa kuangalia nyumba kama 100. Basi posho yake ni Sh50 kwa kila nyumba, mwezi mzima! Hapa jijini hiyo ni nauli ya matatu ya safari moja tu.

Sikatai, heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini posho si mshahara. Haipandi unga unapopanda, wala haimwekei mtu akiba ya uzeeni. Tena hutoka mifuko miwili. Mmoja ukikawia, mhudumu hubaki na Sh2,500. Nilimwuliza mama mdogo siku kama hizo yeye hufanyaje.

"Mwanangu," akanijibu huku akifunga mkoba, "nitamwambia mtoto mwenye homa asubiri serikali?"

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tuna mama mdogo kama huyu mashambani, na ndiye anayetuangalizia wazazi. Katiba ya 2010 inatupa haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti. Kaunti yenu ikiwaita wananchi kikaoni, nendeni, ninyi wanafunzi hasa. Ulizeni fungu la wahudumu hawa ni kiasi gani, na litalipwa tarehe ngapi. Waheshimiwa wakisema fedha hazitoshi, waulizeni kama wao waliwahi kupokea nusu mshahara.