Nyumba Njema Si Mlango

Barua ya uhamisho wa mama ilifika siku ya Ijumaa, mwaka 2017, na nyumbani tulikuwa tumeshaizungumza kabla haijaandikwa. Tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kuwa serikali nzima itahamia Dodoma, kila mfanyakazi wa wizara mtaani kwetu Magomeni alikuwa akihesabu siku zake. Wapo waliocheka. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, mama yangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Amekua, amesoma, ameajiriwa, ameolewa na kufiwa na mume, Dodoma bado inasubiriwa! Nani angeamini kuwa safari hii si mzaha? Lakini Waziri Mkuu alihama Septemba ile ile, na wizara zikafuata.

Kwetu tulikuwa wanne: mama, mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la nne, bibi mzaa mama, na mimi niliyemaliza kidato cha sita na kusubiri chuo. Baba alikwisha tangulia mbele ya haki. Basi kazi ya kutafuta nyumba ikaniangukia mimi. "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii," mama aliniambia, akanipa nauli na kikaratasi chenye masharti: maji, umeme, shule ya karibu, choo cha ndani kwa ajili ya bibi, ukuta, geti.

Ngoja nieleze habari za bibi, maana bila yeye hadithi hii haina kichwa wala miguu. Bibi alikuwa ameanza kusahau. Si kusahau kwa uzee wa kawaida, pale mtu anapotafuta miwani aliyoivaa. Aliniita mume wangu, kama bibi wote wanavyotania wajukuu zao, lakini siku nyingine utani ulimpotea, akaniuliza babu yangu ametoka saa ngapi. Babu alizikwa nikiwa sijaanza shule. Na alikuwa na kawaida ya kutoka. Alfajiri anajitanda kanga, anashika njia. Pale Magomeni hatukuwa na hofu. Atafika kwa mama wa vitumbua, atakaa. Atafika kwa fundi cherehani, atapewa kigoda. Jua likipanda utaona mtoto wa watu anamleta amemshika mkono: "Shikamoo mama, bibi huyu hapa." Mimi niliyaona hayo kama unavyoiona hewa. Katika kikaratasi cha mama hayakuandikwa.

Nilifika Dodoma mwezi wa nane. Asikudanganye mtu, bwana, mwezi huo upepo wa Dodoma haukusalimii, unakukaripia. Vumbi jekundu machoni, midomo inapasuka, usiku baridi ambayo mtoto wa Dar haijui. Dalali wangu alikuwa kijana mcheshi mwenye pikipiki. Alinizungusha Area C, Area D, Ipagala, Nkuhungu, mpaka nikaona majina yote ni yale yale. Miaka mingi mji huu ulipimwa na kugawiwa viwanja na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwezi Mei mwaka huo huo wa 2017, ndiyo maana ukiingia maeneo mengi unakuta barabara zimenyooka kama mistari ya daftari. Kwa macho yangu yaliyozoea vichochoro, niliona hapa ndipo penye maendeleo.

Nilichagua Kisasa. Jina lenyewe lilinivutia, sitaficha. Nyumba ya vyumba vitatu, vigae sakafuni, choo cha ndani, ukuta, geti jeusi lenye kidirisha kidogo cha kuchungulia. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye akachukua yake ya mwezi mmoja. Nilipouliza habari za majirani, dalali alicheka. "Hapa hakuna mtu wa kukusumbua. Unaweza kukaa mwaka mzima usijue jirani yako ni nani." Alisema hivyo kama sifa, nami nikaipokea kama sifa. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimepata.

Tulihamia Septemba. Mama alifurahi, nisiseme uongo. Wizara nyingi wakati ule zilikuwa zimepewa nafasi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na mimi nilipata nafasi ya masomo chuo hicho hicho, kwa hiyo asubuhi tulitoka pamoja kama wafanyakazi wawili. Mdogo wangu akapata shule. Bibi tulimwachia dada wa kazi tuliyetoka naye Dar. Maji yalikuja kwa ratiba, siku zake na saa zake, kwani mji huu unategemea sana visima vya Mzakwe na watu wameongezeka haraka. Tukanunua ndoo, madumu na pipa, tukazoea.

Bibi hakuzoea. Kila asubuhi alikwenda getini, akaligusa, akarudi. "Mume wangu," aliniuliza, "hawa watu wametufungia kwa kosa gani?" Nikacheka. Leo ningekuwa na nafasi ya kurudisha kicheko, ningekirudisha kile.

Ilikuwa Januari 2018, siku ya maji. Dada alikuwa nyuma ya nyumba anakimbizana na ndoo, na geti lilikuwa limeachwa wazi kidogo kwa sababu muuza mkaa alikuwa anaingiza gunia. Simlaumu dada mpaka leo. Mtu mmoja hawezi kulinda bomba na mlango kwa wakati mmoja. Alipomaliza kujaza pipa, kigoda cha bibi kilikuwa kitupu.

Nilipigiwa simu nikiwa darasani. Nilipofika nilianza kupiga hodi nyumba hadi nyumba. Geti la kwanza, mbwa. Geti la pili, mlinzi aliyesema mwenyewe hayupo. Geti la tatu kidirisha kikafunguka, mama mmoja wa makamo akachungulia, mstaarabu kabisa, nikamweleza. Akashtuka kweli. Akasema, "Kumbe kwenu mna bibi?"

Miezi minne, msomaji wangu! Ukuta wetu na wake umetenganishwa na njia tu. Ningependa kukasirika, lakini nilijiuliza mimi mwenyewe: je, kwake yuko nani? Ana watoto? Ana mgonjwa? Sikujua hata jina lake. Yule mama alivaa viatu akatoka kunisaidia kutafuta, tena mvua ikinyesha, na tulitembea mpaka magharibi. Ubaya haukuwa wake. Sote wawili tulikuwa tumelipia kutokujuana.

Tulimpata bibi saa moja na nusu usiku, kule Nzuguni, karibu na viwanja vya Nanenane. Alikuwa ameshika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, anatembea. Mama ntilie mmoja alimwona amelowa, akamkalisha karibu na jiko, akampa chai, akawa anamuuliza kila mara anakaa wapi. Bibi alimjibu bila kubabaika: Magomeni Mapipa, nyuma ya msikiti. Sasa nani Nzuguni ataijua nyumba hiyo? Aliponiona alisema, "Umekuja kunichukua? Narudi kwangu. Wale wameniweka kwa watu nisiowajua." Mama yangu, ambaye sikumwona akilia hata siku ya msiba wa baba mbele za watu, alikaa chini kwenye tope pale pale akalia.

Kodi yetu ilikuwa inaisha mwisho wa Februari. Mama aliniita, akanipa tena nauli, safari hii bila karatasi. "Usitazame nyumba," aliniambia. "Tazama watu."

Utatazamaje watu? Nilibuni njia yangu ya kienyeji. Nilikwenda mtaa jioni, saa kumi na moja, watu wanaporudi. Nikakaa kwenye kijiwe cha kahawa, nikanywa vikombe viwili, nikasikiliza. Niliangalia kama watoto wanacheza njiani, na mtoto akianguka nani anamnyanyua, mama yake au yeyote aliye karibu. Niliangalia kama wazee wanakaa nje barazani. Halafu nilikuwa na swali moja la kuuliza: hapa mtu akipotea, habari zinapelekwa wapi? Mtaa mmoja waliniambia niende polisi. Jibu sahihi, lakini nikashukuru nikaondoka.

Chang'ombe, ile ya Dodoma si ya Temeke, dalali alikataa kunipeleka. "Kule kubaya. Wahuni, nyumba zimebanana, mama yako ni mtu wa wizara." Nikaenda peke yangu. Kweli nyumba zimesogeleana, vyoo vingi viko nje, njia nyingine gari halipiti. Nikauliza swali langu kwa kikongwe mmoja wa Kigogo aliyekuwa anachambua mboga mlangoni. Hakunijibu mara moja. Aliniuliza, "Nani wako amepotea?" Nikasema hajapotea, nauliza tu. Akasema, "Akipotea hapa hafiki mbali. Yule wa genge atamwona, asipomwona yule wa duka atamwona. Mwambie balozi, basi." Balozi ni wa nyumba kumi. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 cheo hicho ni cha chama, lakini mtaani watu bado wanamwendea kwa mambo yasiyo na chama, na kupotelewa na bibi hakuna chama.

Tulihamia Machi. Jambo la kwanza mama alilofanya, kabla hata ya kufunga mapazia, alimvalisha bibi kanga mpya, akamshika mkono, wakapita nyumba kwa nyumba pamoja na balozi. "Huyu ni mama yangu. Anasahau. Mkimwona peke yake mnirudishie." Mimi niliona haya, yaani kutangaza ugonjwa wetu mtaa mzima! Mama hakuona haya. Siku ya tatu tu bibi alitoka. Kabla chai haijachemka akarudishwa na kijana mmoja wa bodaboda, wale wale niliotishwa nao. Aliegesha pikipiki, akamtembeza taratibu mpaka mlangoni. "Shikamoo mama. Bibi huyu hapa."

Sitaki nikuuzie Chang'ombe kama dalali. Mwezi wa pili tangu tuhamie nguo zetu ziliibwa kambani. Usiku muziki wa baa ulinifanya nisome na pamba masikioni. Choo kilikuwa cha nje, ikabidi fundi seremala amtengenezee bibi kiti cha kukalia. Mwaka 2019 wizara zilipohamia Mji wa Serikali kule Mtumba, mama akawa anavuka mji mzima kwa daladala mbili, anatoka giza anarudi giza. Wenzake waliokaa Kisasa walikuwa wanamuuliza anatafuta nini kule. Kila raha ina bei yake, na hii mama aliilipa kwa miguu yake.

Yule kikongwe wa Kigogo akawa shoga wa bibi. Asubuhi alimsalimia "Mbukwenyi," bibi akaitikia "Marahaba mwanangu," na yule mama alikuwa umri wake au amemzidi. Wakakaa barazani wanachambua mboga, mmoja anasema hadithi za Magomeni, mwingine anasema za Mvumi, wala hawasikilizani sana. Na jambo moja likatokea ambalo sikulitegemea. Bibi aliacha kuuliza tunarudi lini. Alianza kupaita pale Magomeni. Muuza genge akawa ndiye mama wa vitumbua, fundi wa viatu akawa ndiye fundi cherehani. Mwanzo nilikuwa namsahihisha. Siku moja yule wa genge akanikonyeza nikae kimya, akamwambia bibi, "Naam, mama, Magomeni hapa. Kaa unywe uji."

Bibi alifariki mwishoni mwa 2021, kitandani kwake, na hakuwa na habari kwamba alihama. Wajomba walitoka Dar kwa basi, hii treni ya umeme ilikuwa bado, imeanza safari za Dodoma mwaka 2024. Walipofika walikuta turubai limefungwa, maji yamechotwa, sufuria ziko motoni, na vijana wa bodaboda wanapokezana jeneza wakibishana nani hajabeba. Mjomba mkubwa aliniuliza hawa wote ni nani. Nikamwambia ni majirani.

Sasa mama amepata kiwanja Iyumbu, kimepimwa, kina hati, kina barabara. Anataka kujenga kabla hajastaafu. Ramani imeshachorwa: vyumba vinne, choo cha ndani, ukuta. Juzi alinionyesha, nami nikaisifu, maana ni nzuri. Akaikunja polepole, akatazama nje ambako mtoto wa jirani alikuwa anaburuta ndoo yetu aliyoiazima. "Kule nikichelewa kurudi kazini," aliuliza, "nani atajua?"

Sikuwa na jibu. Kiwanja bado kina nyasi. Kila Jumapili mama huenda kukifyeka, na siku hizi hachukui futi ya kupimia. Anachukua chupa ya chai na vikombe vitano, anakwenda kubisha hodi kwa waliokwisha jenga.