Kuchangia Kabla ya Msiba

Hapa Uingereza mtu akitaka kusaidia ndege, misitu au bahari, haitishi kikao. Hujaza fomu mara moja, akaiagiza benki imkate pauni 5 au 10 kila mwezi, na maisha yakaendelea. RSPB, shirika la kulinda ndege, lina wanachama zaidi ya milioni moja; National Trust, lililoanzishwa mwaka 1895, lina zaidi ya milioni 5. Kwetu nyumbani mchango una sura nyingine. Una shughuli yake, tarehe yake na mweka hazina wake, na siku hizi una kundi la WhatsApp ambamo kila jioni hutumwa orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Harusi ikishapita, au marehemu akishazikwa, kamati hutoa shukrani na kundi linavunjwa. Mmoja ni mchango wa mwezi kwa mwezi, mwingine wa shughuli kwa shughuli. Naamini tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini vikundi vidogo vinavyolinda bahari na misitu ya kwetu huwa havimo kwenye orodha zetu, hata sisi tunaoishi ughaibuni na kutuma fedha nyumbani kila mwezi.

Wapo wanaoieleza tofauti hiyo kwa kusema Mzungu anapenda mazingira na sisi hatujali. Hoja hiyo haina mashiko. Wazee wa Kimijikenda wamelinda misitu ya kaya kwa karne kadhaa bila kulipwa na mtu, hadi UNESCO ilipoiingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Watu wa pwani tuna wakfu: mtu hutoa kisima, shamba au minazi, mali ile isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yaendelee kuwafikia watu muda mrefu baada ya yeye kufariki. Aliyelelewa kwenye wakfu haambiwi kwamba hajui kutoa kwa ajili ya kesho. Kilichotokea ni kwamba mifuko yetu imezoea kufunguliwa na dharura. Msiba una mpiga simu wake, na bili ya hospitali ina wake. Mwamba wa matumbawe hauna. Hufa kidogo kidogo, leo nanga, kesho juya, na bandubandu huisha gogo. Hakuna siku ambayo mtu ataandika kwenye kundi kwamba bahari imetutoka na mazishi ni Jumamosi.

Tuitazame kazi yenyewe ilivyo. Watamu, katika kaunti ya Kilifi, kuna shirika linaloitwa Local Ocean Conservation, ambalo mizizi yake ni kikundi cha kulinda kasa kilichoanza mwaka 1997. Mvuvi akimkuta kasa kwenye wavu wake hupiga simu. Watu wa shirika hufika, humpima gamba urefu na upana, humkagua kama ana jeraha au uvimbe, humtia kibati chenye namba kwenye kikono, kisha humrudisha majini; mvuvi naye hupewa kiasi kidogo cha kumfidia muda wake na usumbufu alioupata. Kasa aliyedhoofika hupelekwa kwenye zahanati yao. Baadhi ya wanaofikishwa huko wanaelea tu juu ya maji kama chupa tupu: wamemeza plastiki, gesi imejaa tumboni, na hawawezi tena kupiga mbizi wakatafuta chakula. Simu ya mvuvi haingojei mwezi ambao mfadhili ameidhinisha bajeti. Tena kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa, kisha ndipo jike hurejea kutaga, mara nyingi kwenye pwani ile ile alikoanguliwa. Mradi wa miaka 3 huandikiwa ripoti ya mwisho, ukafungwa, na kasa aliyeokolewa siku ya uzinduzi bado ni mtoto.

Ukishuka kusini mwa Mombasa hadi Gazi, kaunti ya Kwale, utakuta mfano mwingine. Chini ya mpango wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mauzo hupitia ACES, shirika dogo la hisani lililosajiliwa Scotland. Fedha zinapofika, wanakijiji ndio wanaoamua matumizi yake, na zimekwenda kwenye maji safi, vitabu na majengo ya shule. Mwaka 2017 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, lakini ukilitaja jina lake katika mikutano mingi ya Waswahili wa huku, utaulizwa ni kitu gani. Kupanda mikoko hakuna fahari machoni. Maji yakipwa, watu huingia kwenye tope na kuchomeka miche mirefu kama rula, mmoja mmoja. Mawimbi huing'oa mingine, na msimu ukifika wanarudia palipokufa. Fedha inayokuja mara moja kwa kishindo hununua kibao cha mradi, na vibao hivyo tunavijua: rangi imepauka, jina la mfadhili bado linasomeka, bustani ya miche imeota magugu. Fedha ndogo isiyokatika ndiyo inayorudia kupanda.

Hapo ndipo ninapowatetea wasiojulikana. Shirika kubwa lenye nembo inayotambulika duniani lina ofisi ya kutafuta fedha, na pauni yako 10 ikikosekana huko hakuna atakayesikia. Kikundi cha watu wachache wenye boti moja husikia, kwa sababu kiasi hicho ni mafuta ya boti au posho ya mlinzi. Hata hao wakubwa walianza wadogo. Wangari Maathai na wenzake katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipoanza mwaka 1977, walipanda miti 7 katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Vuguvugu la Green Belt lilifikia kupanda mamilioni ya miti, na yeye akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, lakini mti wa kwanza ulipandwa na watu ambao dunia ilikuwa haijawasikia. Anayesubiri kikundi kiwe maarufu ndipo akiamini, atakifikia wakati ambao hakimhitaji tena.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni zito. Mtu wa ughaibuni tayari amebeba karo, dawa za wazazi, kodi ya nyumba ya ndugu na bati za paa. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na nyingi ya hizo ni jasho la zamu za usiku. Kumwambia mtu huyo aongeze kasa kwenye orodha yake kunaweza kuonekana dharau. Sisemi kasa atangulie mama. Nasema bahari na mama hawako mbali kama tunavyodhani. Mikoko ndiyo mazalia ya samaki na kamba. Ikikatwa, samaki wanapungua sokoni na mawimbi yanakaribia nyumba. Shamba lililo chini ya mlima uliokatwa misitu hukosa maji, na asiyevuna atapiga simu ughaibuni. Sehemu ya fedha tunazotuma kila mwezi inaziba pengo lililoachwa na mazingira yaliyoharibika, na tutaendelea kulilipia pengo hilo kwa bei ya juu kama hatutoi chochote kulizuia.

Pingamizi la pili ni wizi. Watu wamechangia wakaona gari jipya la mwenyekiti, na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Dawa yake ni kuunganisha macho mawili tuliyo nayo. Jicho la huku ni daftari la wazi: ukiingia kwenye tovuti ya tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales, utaona bila malipo majina ya wadhamini wa shirika, mapato na matumizi yake ya miaka 5, na kama ripoti zake zimechelewa. Tena mlipa kodi wa Uingereza akitoa pauni 10 kwa shirika la hisani linalotambuliwa hapa, kwa utaratibu wa Gift Aid serikali huongeza pauni 2.50, kwa hiyo kikundi cha nyumbani chenye mshirika aliyesajiliwa huku kinapata zaidi kwa mkono ule ule. Jicho la nyumbani ni lile ambalo daftari haliwezi kuwa nalo: shangazi anayeishi kijiji hicho, binamu anayejua kama boti inatoka kweli alfajiri, mtu wa kupita na kuangalia kama miche ipo. Mfadhili wa kigeni hulipia mkaguzi asafiri hadi huko. Sisi tuna namba za simu za watu wanaopita hapo kila siku.

Pingamizi la tatu ni la haki. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Kwa nini fukara asafishe uchafu wa tajiri? Na je, kuuza hewa ukaa si kumpa mchafuzi ruhusa ya kuendelea? Hoja zote mbili zina ukweli. Nchi zilizochafua zinadaiwa, na deni hilo lisifutwe na wema wetu. Biashara ya hewa ukaa nayo inastahili kuchunguzwa kwa makini, ndiyo maana mchango wa kawaida, usiomfutia mtu dhambi yoyote, una heshima yake. Lakini mwenye nyumba inayovuja hangojei hukumu ya kesi dhidi ya jirani ndipo aweke ndoo. Tudai haki kwa sauti, na mwamba ulindwe huku tunadai.

Tena mwendo huu wa kutoa kila mwezi, bila tukio, hatuna haja ya kujifunza kwa wageni. Mahali pengi ughaibuni wanapokusanyika watu wetu pana chama cha kufa na kuzikana. Wanachama hulipa kila mwezi wakiwa wazima wa afya, hakuna aliyefariki, hakuna aliyepiga simu, kwa sababu wanajua siku hiyo ikifika na mfuko ni mtupu, mwenzao atakosa nauli ya mwisho ya kurudi kwao. Huko ni kuchangia kabla ya msiba, na tunakufanya kwa nidhamu ambayo benki yoyote ingeionea wivu. Ombi langu kwa vyama hivyo ni dogo. Katika mkutano ujao, mweka hazina afungue ukurasa mmoja mpya, wanachama wachague kikundi kimoja kisichojulikana cha mahali wanapopajua, wakichunguze kwa macho yote mawili, na kila mwezi wakitengee kiasi kisichomwumiza mtu, kwa miaka isiyopungua 10. Tumeshakubaliana kwamba mwenzetu akifa tutamrudisha nyumbani. Tukubaliane pia kwamba nyumbani hapo pabaki pwani yenye mikoko na maji yenye samaki.