Jiwe Lililong'aa na Ulimi wa Haraka

Methali isemayo kwamba haraka haraka haina baraka twaifundisha kila mwaka hapa Katonga, na watoto huiandika kwa hati nzuri. Leo twapenda kuwasimulia jinsi sisi wenyewe tulivyoivunja, na ni nani aliyelipa.

Shuleni petu pana kabati dogo la mawe ya madini. Kigoma ni mlango wa nchi nyingi: reli ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo shaba na bati za Kongo zimepita bandarini kwenda pwani. Basi wapo watu ambao huwaletea watoto wetu vipande. Tunacho kijiwe cha kijani kutoka Katanga, kiitwacho malakiti, ambacho ndani yake mna shaba. Tunazo punje nyeusi nzito za kasiteriti, zitoazo bati, kutoka Kyerwa. Lililo adimu kupita yote hatunalo, wala halichukuliki: ni kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lililoanguka kutoka mbinguni, uzito wake kama tani 16, ambalo wataalamu walipata habari zake mwaka 1930.

Siku moja jioni alikuja mzee mmoja mvuvi, mwenye mtumbwi na nyavu za dagaa. Tulimwamkia, akaitika, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na jiwe la kadiri ya ngumi mbili, zito mno, lenye nyuso bapa zilizong'aa kama kioo. Alisema, "Mwanangu mwalimu, mpwa wangu amelitoa upande wa Mpanda. Wewe umesoma, niambie ni nini." Nasi tulikuwa na haraka ya kwenda kwenye mkutano. Tukalitazama mara moja, tukasema, "Mzee, hii yaonekana ni fedha."

Tazameni ubaya wa neno hilo. Katika lugha yetu fedha ni madini, na fedha ni mali ya kununulia. Sisi tulisema moja, mzee akasikia zote mbili. Akatuachia jiwe tulitunze, akaenda zake akiwa na furaha.

Zilipita wiki tatu ndipo tulipolitoa jiwe mbele ya darasa tulipime kama ipasavyo. Kwanza tulitazama mstari wake. Jiwe hukwaruzwa juu ya upande usiong'aa wa kigae, kwa maana rangi ya nje hudanganya, lakini unga wake husema kweli. Dhahabu huacha mstari wa manjano, na pairiti, ambayo imewadanganya wengi kwa kufanana na dhahabu, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Jiwe letu liliacha mstari wa kijivu cheusi. Mioyo yetu ikaanza kushtuka, kwa kuwa fedha halisi huacha mstari mweupe ung'aao.

Kisha tulipima ugumu. Mjerumani Friedrich Mohs aliweka daraja 10 mwaka 1812: ukucha wa mtu ni kama 2 na nusu, kisu ni kama 5 na nusu. Kisu kililikata jiwe kwa urahisi. Tuligonga pembe yake kwa nyundo. Fedha halisi hubonyea na kutandazika, lakini hili lilivunjika vipande vidogo vya mraba, kama masanduku madogo.

Mwisho tuliazima mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa samaki. Jiwe kavu lilikuwa kilo 3. Tukalifunga uzi, tukalizamisha ndani ya ndoo ya maji lisiguse chini, mizani ikasoma kilo 2 na gramu 600. Pungufu ni gramu 400. Mtoto mmoja akagawanya 3,000 kwa 400, akapata 7 na nusu. Fedha ingekuwa zaidi ya 10. Hii ilikuwa galena, yaani mawe ya risasi. Nako Mpanda kulikuwa na mgodi mkubwa wa risasi, ambao kwa ajili yake reli ilijengwa kutoka Kaliua, na mgodi huo ulifungwa mwaka 1960. Ndani ya mawe ya namna hiyo huwamo fedha kidogo, lakini kuitoa ni kazi ya kiwanda.

Tulikwenda kwa mzee jioni ile ile. Tulimkuta pwani, amekaa, na mtumbwi wake hauna nyavu. Alikwisha kuziuza, na malipo yake alimpa dalali mmoja aliyeahidi kumletea mawe mengine, naye dalali hakuonekana tena. Tulimweleza kosa letu bila kuficha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, kama ungaliniambia hujui, ningalingoja."

Maneno hayo hayajatutoka. Tumetoa sehemu ya mshahara kumsaidia, lakini hata leo huvua katika mtumbwi wa mwingine.

Kwa hiyo tumejiwekea sheria. Kila jiwe huandikiwa karatasi: limeokotwa wapi, siku gani, na nani, katika mwamba gani. Nafasi ya jina huachwa wazi mpaka vipimo vyote viishe. Tena hakuna mtoto atiaye jiwe kinywani, na kila mmoja hunawa mikono, kwa kuwa risasi ni sumu. Nanyi mkiletewa jiwe jeusi zito msilolijua, msililaze nyumbani. Huko Shinkolobwe katika Katanga mawe ya namna hiyo yalikuwa na urani, ambayo hudhuru mwili pasipo kuonekana.

Na mtu akitaka kuuza, asimwendee dalali wa njiani. Madini yetu yana sheria na leseni, na tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ambamo madini hupimwa na kuuzwa mbele ya watu wa serikali.

Jiwe la mzee limo kabatini. Alikataa kulichukua, akasema likae lifundishe. Chini yake tumeandika neno galena, na chini ya neno hilo, kwa herufi ndogo: lilipewa jina kabla ya kupimwa.