Dalali na Mnunuzi wa Ankara

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu niliona wazabuni wa mahindi na maharage wakingoja malipo yao kwa miezi. Siku hizi mzabuni wa namna hiyo aweza kuuza ankara yake. Kwa ankara ya shilingi 100,000, mnunuzi hutanguliza, tuseme, 80,000. Salio, akishakata ada, hulitoa baada ya chuo kulipa. Anayewakutanisha ni dalali.

Dalali akificha kwamba magunia matano yalirudishwa, mnunuzi hupata hasara. Mnunuzi naye akichelewesha jibu au kupunja kamisheni, dalali harudi tena. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi waandikiane mapema nani kapokea mzigo, ada ni kiasi gani, na dalali atalipwa lini. Wasipoaminiana, anayeumia ni mzabuni, na nyuma yake mkulima anayemdai.