Kipindi cha Kwanza

Akina mama wenzangu, ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka ilipoondolewa katika sekondari za kutwa za serikali, mwaka 2016, wengi tulimshukuru Mungu tukidhani mzigo umetuka. Lakini mtoto bado anahitaji nauli, daftari na chai ya asubuhi. Hapo ndipo mahudhurio yanapoharibika.

Mimi hununua samaki Feri alfajiri, nikawakaanga na kuuza. Shule ya mwanangu ni ndogo, kwa hiyo dawati tupu huonekana mara moja. Katika kikao cha wazazi, mwalimu wa darasa alitufungulia daftari la mahudhurio. Wengi hawakuwa watoro wa siku nzima. Walifika kipindi cha kwanza kimekwisha. Siku tatu kwa juma kipindi hicho ni Hisabati, somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote nchini. Aliyekosa somo la Jumatatu haelewi la Jumanne. Na asiyefaulu upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili hurudia darasa.

Wanaotoka Kigamboni husubiri pantoni. Wengine huachwa vituoni na makondakta wasiotaka nauli ya mwanafunzi. Lakini kijana mmoja nilimkuta palepale Feri, akipara samaki za watu, shati la shule limekunjwa ndani ya mfuko. Nilimwuliza kwa nini hayuko darasani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nikienda shule mapema, wadogo zangu hawanywi chai."

Kiboko kisingemsaidia mtoto huyo. Tulimtembelea mama yake na jumuiya yetu. Mtaji wake ulikuwa umekwisha kwa ugonjwa. Tukachanga: huyu karai, yule mafuta, mwingine fedha za samaki wa kwanza. Sasa anakaanga mlangoni kwake jioni, na kijana anapara samaki Jumamosi tu.

Bado zipo asubuhi anazochelewa, biashara ikilala. Hisabati nayo haijakaa sawa. Lakini mwalimu anasema sasa anauliza maswali, na anayeuliza amekwisha kuanza kufuata.

Tunaomba sana watoto wetu wafaulu, na ni vema. Ila wakirudi jioni, kabla ya kuuliza wamepata ngapi, tuwaulize wamefika shule saa ngapi. Na jibu likiwa zito, tusiwaachie walibebe peke yao.